Wasichana wanayacheka mafunzo ya matatizo ya ulaji: tuyaache?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya bweni ya wasichana, mkoani Morogoro. Tangu mwaka jana tunawaona wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaokwepa ugali wa jioni, na wengine wanadai "wamefunga" wiki hadi wiki. Wawili wamezimia paredi. Uongozi unataka tualike watu waje kuifundisha shule nzima juu ya matatizo ya ulaji. Nilipowadokezea wanafunzi, walicheka. Mmoja akasema, "Madam, hayo ni magonjwa ya Wazungu." Mwingine, binti mtulivu sana, akasema bora aletwe dada aliyepitia hayo atoe ushuhuda. Vijana wenyewe huyaonaje mafunzo haya, na je, yanazuia chochote?

JIBU: Mwalimu, hao wawili waliozimia watangulie hospitali, mafunzo yatafuata. Kuzimia paredi kunaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au kutoka bwenini bila chai. Lakini kwa binti anayejinyima chakula au anayejitapisha, huenda madini ya potasiamu yameshuka mwilini, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda mno, ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Muuguzi awaulize faragha kama hedhi zimekatika na kama sketi za mwaka jana zimelegea kiunoni. Mafunzo ya kinga ni ya ambao hawajaugua. Aliyekwisha kuugua ni wa kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, na kumkalisha kwenye semina pamoja na wenzake hakumtibu.

Sasa kicheko. Usikichukulie kama utovu wa adabu. Vijana wakiulizwa maoni juu ya mafunzo ya aina hii, hata huko yalikoanzia, Marekani, Uingereza na Australia, malalamiko yao hufanana. Hawapendi kukusanywa ukumbini na kuhubiriwa. Wanahofu kwamba atakayeuliza swali atabandikwa jina jioni hiyo hiyo. Wanamshuku mtu mzima anayezungumzia picha za mtandaoni ilhali hajui wao wanatazama nini. Wanachotaka ni kukaa wachache, kuzungumza wenyewe, na kuongozwa na mtu ambaye umri wake hauko mbali na wao. Na ndiyo, wengi huomba aliyeugua aje asimulie. Binti yako mtulivu hayuko peke yake.

Yule aliyesema "ya Wazungu" naye mpe haki yake kidogo. Vielelezo vingi vinavyozunguka vina picha ya msichana wa Kizungu, mifupa mitupu, anajitazama kwenye kioo. Mwanafunzi wa Morogoro hajioni pale, kwa hiyo anafunga masikio. Ila ugonjwa wenyewe hauna uraia. Habari ninayopenda kuisimulia ni ya Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kwenye jimbo la Nadroga. Ni watu waliokuwa wakiuthamini mwili ulioshiba, kama sisi tunavyomsifu mtu kwa kumwambia "umenawiri". Televisheni iliwafikia mwaka 1995. Anne Becker, daktari na mwanaanthropolojia wa Harvard, aliwapima wasichana wa sekondari wiki chache tu baada ya hapo, kisha akapima kundi jingine la umri huo huo mwaka 1998. Waliokuwa na alama za juu kwenye dodoso la matatizo ya ulaji walitoka asilimia 12.7 wakafika 29.2. Waliojitapisha ili kupunguza uzito mwaka 1995 hakuwapo hata mmoja. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanawake na wasichana wa hapa hapa Tanzania ulizikuta dalili hizi nchini kwetu pia. Sasa televisheni yenyewe imeingia mfukoni.

Hata hivyo, njaa ya kujitakia haivai sura moja kila mahali. Mwaka 2004 watafiti walichapisha habari za wanafunzi wa kike wa sekondari nchini Ghana waliokuwa wamekonda kwa kujinyima. Hawakuzungumza sana juu ya kuogopa unene. Walizungumza lugha ya dini, ya kujitawala na ya kuishinda njaa. Ndiyo maana neno "nimefunga" katika barua yako lilinishtua kuliko mengine yote. Anayefunga kwa ibada hufuturu. Mchungulie saa ya futari: akitafuna tende moja kisha akaondoka kimya, siku baada ya siku, hapo pana jambo. Mfungo wa maombi nao una siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na wenzake wa kikundi cha maombi wanazijua. Zungumza mapema na ustadhi na mchungaji wanaohudumia shule, kwa sababu wao wana uwezo wa kumwambia binti jambo ambalo likitoka kwako atalipinga: mgonjwa ameruhusiwa kutofunga.

Nije kwenye ushuhuda, maana hapa ndipo nitakapomvunja moyo mwanafunzi wako, na pengine wewe pia.

Chuo Kikuu cha Stanford walilijaribu jambo hilo hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Wasichana wa mwaka wa kwanza walikutanishwa na wanachuo wenzao waliokuwa wamepona matatizo ya ulaji, wakasimuliwa walivyougua na walivyotoka, wakapewa na elimu juu yake. Kila anayepanga semina angelipenda hilo. Walipofuatiliwa baadaye, waliohudhuria walikuwa na dalili nyingi kidogo kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Maelezo ya watafiti wenyewe yanaingia akilini: ili kuwaondolea wagonjwa aibu waombe msaada, unauonyesha ugonjwa kuwa jambo la kawaida linalompata mtu yeyote, hata dada mzuri, msafi na mwenye akili aliyekaa mbele yako. Kwa mgonjwa hiyo ni faraja. Kwa ambaye hajaugua ni mlango ulioachwa wazi. Tena msimulizi hawezi kusimulia bila kugusa alivyofanya, na katika bweni la wasichana 80 wapo wachache watakaoondoka na ile mbinu na kuuacha ule ujumbe.

Mwaka huo huo kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford lilichapisha jaribio lake kwa wasichana 46 wa shule, wa miaka 13 na 14, waliofundishwa vipindi 8. Mwishoni walijua mengi na tabia zao zilikuwa zimekaa vizuri kidogo. Baada ya miezi sita ule uzuri ulikuwa umekwisha, na kujinyima chakula kulikuwa kumeongezeka kuliko kabla ya kuanza. Kichwa cha makala yao kiliuliza waziwazi kama kinga ya aina hii haidhuru kuliko inavyofaa.

Sisemi mtu aliyepona afiche historia yake. Ana nafasi kubwa pembeni ya kitanda cha mgonjwa, kwenye kikao cha wazazi, na kwa walimu ambao hadi leo wanadhani binti asiyekula "anaringa". Kwenye ukumbi wa wanafunzi 400 simuweki.

Kwa hiyo swali lako la "vijana huyaonaje" ningeligawa mara mbili. Wanachokuambia juu ya namna ya kufanya, kisikilize neno kwa neno: wachache, bila mahubiri, bila kutajana majina, waongozwe na mtu wa karibu nao. Kwenye hayo utafiti uko upande wao. Mtafiti Eric Stice na wenzake walipokusanya majaribio mengi pamoja mwaka 2007, waliona yanayofanya vizuri ni yale ambayo washiriki wanashughulika wenyewe badala ya kukaa kusikiliza, yanayokwenda vipindi kadhaa badala ya siku moja, na yanayolenga wasichana waliovuka miaka 15 ambao tayari wana wasiwasi na miili yao. Programu zilizopunguza hata kiasi matatizo yenyewe ya ulaji, ya sasa au ya baadaye, zilikuwa asilimia 29 tu. Ukimwalika mtu bila kujua anafundisha nini, uwezekano mkubwa ni kwamba hutapata kitu. Lakini wanachokuambia vijana juu ya kilichowagusa, kile kilichowaliza machozi na kuwafanya wapige makofi, kisikilize kwa heshima na usikifanye kipimo. Fomu za maoni mwisho wa semina, zile za "mada ilikuwa nzuri sana, tunaomba mrudi", zingewasifu hata wale wa Stanford.

Programu ambayo mimi ningeitumia inaitwa Body Project, na huyo Stice ni mmoja wa walioibuni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, wasichana 481 walifuatiliwa miaka 3. Kati ya waliopita kwenye vikundi hivyo, waliopata matatizo ya ulaji ni asilimia 6. Kati ya waliopimwa tu bila kufundishwa, ni asilimia 15. Na haihitaji projekta.

Inavyofanya kazi ni jambo la kuvutia. Inategemea wazo la mwanasaikolojia Leon Festinger la mwaka 1957: mtu akijisikia akisema jambo kwa hiari yake, mbele ya watu, linalopingana na anachokiamini, moyo wake hukosa raha mpaka kimoja kilegee. Basi badala ya wewe kuwaambia wasichana kwamba mwili wa mtandaoni ni uongo, unawapa kazi ya kuliambia hilo wenyewe, mara nyingi, kwa mdomo na kwa kalamu.

Kipindi cha kwanza kinaanza kwa kuwauliza mwili unaotakiwa siku hizi ni upi. Hapa ndipo "ugonjwa wa Wazungu" unapokufa, kwa sababu jibu linatoka kwao. Kikundi nilichokaa nacho Dar es Salaam hakikutaja hata mara moja wembamba wa Ulaya. Walitaja umbo la namba nane: kiuno chembamba, tumbo flati, nyuma kumejaa, rangi ya maji ya kunde. Niliandika ubaoni kama walivyosema. Kisha nikauliza ni nani waliyemwona kwa macho, si kwa simu, mwenye vyote hivyo pamoja. Walitazamana. Nikauliza nani anapata hela kwa wao kuvitaka, na hapo sikuweza tena kuwanyamazisha: wauza chai za kupunguza tumbo, wauza vidonge vya kuongeza makalio, wauza mikorogo, wenye akaunti. Mwanafunzi aliyekuwa amelala akaamka kutaja bei. Mwongozo wa kigeni unaozungumzia wembamba peke yake ungepita juu ya vichwa vyao. Wao walikuwa wanabanwa tumbo lipungue na makalio yaongezeke kwa wakati mmoja.

Kazi ya nyumbani ni kila mmoja kumwandikia barua mdogo wake wa kidato cha kwanza, kumweleza gharama za kuukimbiza mwili ule. Kipindi kinachofuata wanasomeana. Kisha kuna igizo, ambalo wanafunzi hulipenda kuliko yote. Mwongozaji anajifanya msichana mwenye msimamo: "Mimi chakula cha usiku basi, mpaka mahafali niwe na tumbo flati." Wao kazi yao ni kumtoa huko, na yeye asikubali haraka. "Mtihani wa fizikia utaufanya na njaa?" "Sina njaa, nimezoea." "Mbona jana ulikuwa unatetemeka?" "Ni baridi." Dakika kumi za hivyo, na yule aliyekuwa anatema uji wake asubuhi unamsikia anatetea uji. Aliyeshawishika zaidi pale ni msemaji mwenyewe.

Baadaye wanafanya mazoezi ya kujibu maneno ya papo kwa papo. "Wee, umekuwa bonge!" unajibu nini bila kugombana na bila kujitetea? Lipo pia zoezi la kioo, la kujitazama ukiwa na nguo chache na kuandika unachokipenda kwako, mwilini na kitabia. Bwenini kwetu usilifanye hivyo. Akiwa amevaa, peke yake, likizo, nyumbani, inatosha. Na wapo watakaoandika tu juu ya sauti yao au mikono yao ya kusuka, nako kunatosha.

Kuna masharti ambayo ukiyavunja yote haya yanageuka semina nyingine tu. La kwanza ni hiari. Mgongano ule wa moyoni hauji kama mtu amelazimishwa. Atasema "nilisema kwa sababu madam alitaka", na imani yake ya zamani itabaki palepale. Kwa hiyo agizo la uongozi la shule nzima ndilo jambo baya kuliko yote katika mpango wenu, ingawa ndilo linaloonekana la uwajibikaji. Tangaza kwamba kuna kikundi cha wasichana watano hadi kumi, kwa yeyote asiye na amani na mwili wake, vipindi vinne vya saa moja. Usimteue mtu. Ukiwaita walionenepa, umewatukana. Ukiwaita waliokonda, bweni zima litajua kabla ya chakula cha mchana.

Sharti jingine ni nani anaongoza. Najua umeniandikia kwa sababu unawapenda, lakini wewe ndiye unayesaini ruhusa zao za kutoka na kuandika tabia zao kwenye ripoti. Hawatakwambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia wanachuo wa kike kwa miaka 4, uliona vikundi vilivyoongozwa na wenzao waliofunzwa vikizuia matatizo ya ulaji vizuri kuliko programu ya mtandaoni au video. Tafuta wanafunzi wawili wa kidato cha sita wanaoheshimiwa bila kuogopwa, au wahitimu wenu walio chuo, wafundishwe mwongozo na kusimamiwa na mwanasaikolojia. Wewe kaa nje ya mlango. Waambie tangu mwanzo mpaka wa siri: yanayosemwa yanabaki humo, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hapo wataambiwa kabla hujaambiwa wewe.

Kama bajeti haipo, waulizeni Girl Guides wa Tanzania. Chama chao cha dunia, pamoja na chapa ya sabuni ya Dove, kilianzisha mwaka 2013 programu ya Free Being Me yenye msingi huo huo, kwa wasichana wadogo zaidi. Jiandae tu kwa swali. Dove ni ya kampuni ya Unilever, na Unilever ndiyo iliyouza kwa miaka mingi krimu ya kung'arisha ngozi ya Fair & Lovely, ambayo mwaka 2020 waliibadilisha jina tu. Msichana atakayeligundua hilo na kulisema mbele ya kikundi mpe biskuti, ameshaelewa somo.

Wavulana mmewaacha shule ya jirani, kwa hiyo nitawapitia haraka: nao wanabanwa, ila kwa misuli na unga wa protini, na wanayaona mafunzo haya kuwa ya kike. Wafundishwe kivyao.

Ninalowaomba uongozi kwa uzito kuliko mafunzo yoyote ni mizani. Kama mnapima wanafunzi mbele ya foleni mwanzo wa muhula na kusoma namba kwa sauti, acheni kesho. Pazia na karatasi iliyokunjwa havigharimu kitu. Matroni aliyezoea kusema "wewe umejaza kiti" mlangoni pa bwalo aambiwe na mkuu wa shule, kwa staha, chumbani. Na msimlazimishe binti kumaliza sahani mbele ya wenzake. Anayejitapisha atajua pa kwenda baada ya hapo. Angalieni pia anayekwenda chooni dakika tano baada ya kila mlo na kufungua bomba.

Mwisho ni ratiba. Msianze na kidato cha nne. Wana mtihani wa taifa Novemba, vipindi viwili vitaahirishwa na cha tatu hakitafika, na kikundi kilichokatika katikati kimeshaonyesha majeraha bila kuyafunga. Kidato cha tatu hawana mtihani wa taifa mwaka huo, wengi wana miaka 16 au 17, na mwakani bado watakuwa nanyi, kwa hiyo unaweza kuwafuatilia. Waongozaji wapate mafunzo likizo ya Juni, vikundi vianze wiki ya pili baada ya kufungua. Waliozimia wakisharudi kutoka hospitali, niandikie tena na majibu ya vipimo, bila majina yao.